Akiba ya kijana wangu imevuka dola 2,000, SSI itakatwa?

SWALI: Tuliingia Marekani kama wakimbizi tukitokea kambi ya Nyarugusu, sasa tuko Louisville, Kentucky. Kijana wangu ana miaka 22 na ulemavu wa kuzaliwa. Mimi ndiye msimamizi wa hela zake za SSI, yaani msaada wa serikali ya Marekani kwa walemavu wenye kipato kidogo. Benki kumefika dola 3,400. Naambiwa nimtumie shangazi yake kambini kiasi fulani ili akiba ishuke. Ni sawa?
Mama wa watatu

JIBU: Mama, usitume. Hela hizo ni za kijana. Wewe umekabidhiwa uzitumie kwa mahitaji yake. Tena Social Security (ofisi inayolipa SSI) wakiona mali imegawiwa ili mtu asivuke kiwango, wanaweza kumfungia malipo hadi miezi 36. Shangazi msaidieni kwa mshahara wenu.

Kiwango cha akiba kwa mtu asiye na mwenzi ni dola 2,000, na hakijapandishwa tangu 1989, jambo la aibu kwa kweli. Wanachotazama ni salio la tarehe mosi. SSI inayoingia (mwaka 2026 serikali kuu hailipi zaidi ya dola 994 kwa mwezi) ni kipato cha mwezi huo. Ikilala hadi tarehe mosi inayofuata, inahesabiwa akiba. Akiba yenu wazazi haimhusu tena, maana ameshapita miaka 18.

Basi mnunulie anachohitaji: kitanda, matibabu ya meno, nguo za baridi. Tunza risiti zote. Kinachobaki kiweke kwenye akaunti ya ABLE (akiba maalumu ya watu wenye ulemavu) kwa jina lake. Humo hata dola 100,000 hazihesabiwi, mradi ulemavu ulianza kabla ya miaka 46 (hadi 2025 ilikuwa 26). Fanya hivyo kabla ya tarehe mosi.

Miezi ambayo salio lilikuwa limeshavuka, watataka malipo yarudishwe. Toa taarifa mwenyewe, usingoje barua, kisha omba kulipa kidogo kidogo.

Hili hukuuliza, ila linawakuta wengi wakiwa wamelala: SSI ya mkimbizi ina mwisho wa miaka 7, isipokuwa awe raia. Uraia unaombwa baada ya miaka 5. Kama ulemavu unamzuia kujifunza Kiingereza, daktari amjazie fomu N-648. Ikikubaliwa, anasamehewa mtihani.