Maji ya pinki ya kiwanda cha TNT: usianze na hewa

Ndugu, umeuliza kama bwawa la bakteria lenye kupulizwa hewa litatosha kusafisha maji ya kuoshea mashine za kujazia vilipuzi vya TNT na RDX. Peke yake halitoshi, na nakusihi usilijenge kwanza.

Molekuli ya TNT ina vikundi vitatu vya nitro (nitrojeni na oksijeni) vinavyovuta elektroni, kwa hiyo bakteria wanaotumia oksijeni hushindwa kuivunja pete yake ya kaboni. Bila oksijeni mambo hugeuka: vikundi vya nitro hubadilishwa kimoja kimoja kuwa amino (nitrojeni na hidrojeni), na pete ya RDX hulegea ikakatika. Wamarekani walijaribu njia hii huko McAlester, Oklahoma: tangi lisilo na hewa, chembe za mkaa amilifu (mkaa wenye vinyweleo vingi vya kunasa kemikali) zikielea ndani, na ethanoli kama chakula cha bakteria. Mkaa ndio ulionivutia zaidi. Hunasa TNT kabla haijawadhuru bakteria, nao huila polepole. Mkaa ukitumika bila bakteria hujaa, nawe ukabaki na taka hatari mikononi.

Hatua ya hewa iweke baadaye, kumalizia mabaki.

Tafadhali usipime TNT pekee. Ikipungua, huenda imegeuka tu kuwa amino-dinitrotoluini, nayo ni sumu. Wala rangi isikudanganye: maji haya hutoka kiwandani yakiwa karibu hayana rangi, jua ndilo linaloyapa upinki. Na kama kiwanda kinasafisha TNT kwa chumvi ya salfaiti, yale maji mekundu yanayotokana na usafishaji huo yatenge kabisa, yana tabia nyingine.