Mwalimu wa mechi 10

*Ami anajibu maswali ya wasomaji kuhusu soka*

Ami, shikamoo. Nina miaka 27, naishi Stuttgart, nafanya kazi bohari. Jumapili nacheza namba nane kwenye timu ya Kreisliga, huko chini kabisa. Goti limeanza kunigomea na ninatamani ukocha. Nilipomgusia msimamizi wangu alicheka: mtu uliyecheza matopeni, nani atakusikiliza? Mzee mmoja pale kazini akamjibu neno moja tu, "Streich", akachukua chai yake akaondoka. Huyo Streich ni nani? Na kweli hakuwa mchezaji wa maana?
— Kiungo, Stuttgart

Marahaba, mwanangu. Huyo mzee wa chai mpe salamu zangu.

Christian Streich alizaliwa 1965 Weil am Rhein, kule pembeni kabisa ambako Ujerumani, Ufaransa na Uswisi zinapakana. Kwao walikuwa na bucha. Alikuwa kiungo kama wewe. Ukubwani alianzia Freiburger FC, timu ya mji wa Freiburg iliyokuwa bingwa wa Ujerumani mwaka 1907, ila enzi zake ilikuwa imeshajichimbia daraja la tatu. Akaja hapo hapo mjini kwako, Stuttgarter Kickers, daraja la pili. Akacheza msimu mmoja SC Freiburg, klabu nyingine ya mji ule ule wa Freiburg, kisha akaenda Homburg, mji mdogo kule Saarland, na huko ndiko alikoionja Bundesliga, ligi kuu ya Ujerumani: mechi 10, msimu wa 1989/90. Timu ikashuka. Naye akarudi zake Freiburger FC. Ndiyo basi. Wasifu wake wa uchezaji unaenea nyuma ya tiketi ya basi.

Kwa hiyo msimamizi wako asingemsikiliza Streich.

Sasa tazama alichokuwa akifanya pembeni. Alisomea ualimu hapo Freiburg: Kijerumani, historia na michezo. Mwaka 1995 SC Freiburg wakampa vijana, na kwa vijana akakaa mpaka watu wakamzoea kama mlango wa nyumba. Mimi nimeishi mji ule miaka kadhaa, naosha vyombo usiku na kusoma mchana, na kuna jambo huwezi kuliona mpaka upande tramu namba 1 ya kwenda Littenweiler. Chuo cha ualimu kiko huko, uwanja wa Dreisam uko huko, na Mösle, iliko shule ya soka ya SC Freiburg, nayo iko huko huko mashariki ya mji. Na hiyo Mösle ndiyo ilikuwa nyumbani kwa Freiburger FC. Yaani mtu kafundisha watoto kwenye uwanja uleule alioucheza yeye bila kusifiwa na yeyote. Vijana wake wa chini ya miaka 19 walichukua ubingwa wa Ujerumani 2008, na kombe la vijana 2006, 2009 na 2011. Huo ndio wasifu wake, mwanangu. Zile mechi 10 ni utangulizi.

Mwisho wa Desemba 2011 timu ya wakubwa iko mkiani, kocha kafukuzwa. Streich, aliyekuwa msaidizi, akapewa timu. Januari hiyo hiyo Papiss Cissé, Msenegali aliyekuwa anawafungia, akauzwa Newcastle. Wakongwe kadhaa nao wakaambiwa watafute pa kwenda. Sisi tuliokuwa tukisimama jukwaa la kaskazini tulishaanza kuhesabu viwanja vya daraja la pili tutakavyovitembelea.

Mechi yake ya kwanza ilikuwa tarehe 21 Januari, dhidi ya Augsburg. Baridi ile sina neno lake la Kiunguja. Vidole vya miguu nilikuwa navitafuta ndani ya kiatu. Mechi mbovu, sifuri kwa sifuri. Mara anainuliwa kijana mrefu kutoka benchi, na jamaa aliyekuwa kando yangu, mwenye tiketi ya msimu tangu zamani, ananiuliza mimi: "Huyu nani?" Alikuwa Matthias Ginter, katimiza miaka 18 juzi yake tu. Dakika ya 88 akafunga, 1-0. Yule jamaa alinikumbatia kwa nguvu, kofia yangu ikaanguka chini na sikuiona tena. Walimaliza msimu wakiwa wa 12. Miaka miwili na nusu baadaye Ginter alikuwa kwenye kikosi cha Ujerumani kilichobeba Kombe la Dunia.

Watu waliokuwa wakiuliza "huyu nani" hawakuwajua watoto wale. Streich aliwajua kwa majina yao, ya mama zao na alama zao za shule.

Kwetu, mchezaji akihojiwa baada ya mechi husema "tulifuata maelekezo ya mwalimu". Hasemi kocha, anasema mwalimu. Nilidhani ni sisi tu, mpaka nilipogundua leseni ya juu kabisa ya ukocha ya Ujerumani kwa miaka mingi iliitwa *Fußballlehrer*: mwalimu wa soka, neno kwa neno. Basi nenda shirikisho la mkoa wako ukaulize kozi ya leseni C. Wakati unasubiri, omba timu ya watoto wa miaka kumi. Hao hawaulizi ulicheza wapi, watakuuliza mpira uko wapi.

Ami, klabu nyingine kocha akipoteza mechi nne anafungishwa virago. Streich alishuka daraja 2015 na bado akabaki. Kwa nini?
— Msomaji, Bonn

Kwa sababu Freiburg ni Freiburg. Kabla yake Volker Finke alikaa miaka 16, naye alishuka zaidi ya mara moja.

Ila ile ya 2015 iliuma. Wiki moja kabla ya mwisho wa msimu waliifunga Bayern 2-1, Nils Petersen akitokea benchi na kufunga la ushindi. Mji mzima ukalala ukijua umepona. Jumamosi iliyofuata wakafungwa 2-1 Hannover, wakashuka. Petersen naye hakukimbia: akafunga mabao 21 daraja la pili, wakarudi kama mabingwa, wakiiacha RB Leipzig nafasi ya pili. Leipzig wakaja kulipa 2022 fainali ya Kombe la Ujerumani pale Berlin. Freiburg waliongoza, Leipzig wakabaki kumi uwanjani, na bado mambo yakaisha 1-1 na penalti 4-2. Ya fainali ile msiniulize zaidi. Streich aliondoka 2024, miaka kumi na mbili na nusu, bila kombe kubwa hata moja. Na timu ikakabidhiwa Julian Schuster, nahodha wake wa zamani. Kiungo, bila shaka.

Ni kweli mchezaji alimpiga Streich kikumbo akaanguka?
— Bishano la kinyozi

Kweli. Novemba 2019, dakika za nyongeza, Freiburg wanaongoza 1-0. Mpira unatoka nje, unapita miguuni mwa Streich, naye hauokoti. David Abraham, nahodha wa Frankfurt, anaufuata mbio na bega lake linamwangusha mzee chali. Benchi zote zikaingiliana. Abraham kadi nyekundu, na Vincenzo Grifo wa Freiburg, aliyekuwa ameshatolewa na yuko benchi, naye akapewa yake kwa kumshika Abraham usoni. Baadaye Streich na Abraham wakazungumza, yakaisha. Nani alikuwa na makosa? Abraham. Lakini na mzee naye angeuokota ule mpira.