Rangers kuuzwa 2012: usianze na neno wizi

Mkuu, umeuliza kama uwanja wa Ibrox na mali nyingine za Rangers, klabu ya soka ya Scotland, kwenda kwa pauni milioni 5.5 tu ni wizi. Pole, najua inauma. Ila ilikuwa hivi: Februari 2012 klabu ikaishiwa hela ikawekewa wasimamizi wa muda wa kujaribu kuiokoa, mwezi wa sita watu wa kodi wa Uingereza wakagomea mpango wa kulipwa sehemu ndogo tu ya deni lao, mali zikauzwa kwa kampuni mpya na ile ya zamani ikapewa mfilisi wa kuifunga, na huyo mfilisi baadaye akawashtaki wale wasimamizi kwamba wangeweza kuwaokolea wadai hela zaidi, 2021 jaji akamkubalia sehemu. Soma hukumu yenyewe, angalia hasa walivyochelewa kubana matumizi, achana na klipu za mashabiki.