Dagaa nimekatazwa, uji umenichosha

SWALI: Shikamoo mama. Naanika na kuuza dagaa hapa Mwaloni, Kirumba. Mwaka jana nilipimwa kwa kamera kupitia njia ya haja kubwa, nikaambiwa nina vidonda vya utumbo mpana. Dawa natumia. Ila shemeji yangu amenipiga marufuku dagaa, maharage, ndimu, hata sato wa kukaanga, eti vidonda vya tumbo havitaki gesi. Nashindia uji mtupu, suruali zote zinanipwaya. Nile nini? – Msomaji, Kirumba

JIBU: Marahaba, mwanangu. Shemeji anakupenda, lakini anachanganya magonjwa mawili. Vidonda anavyovisema yeye hukaa juu, kwenye mfuko wa chakula. Vyako viko chini, kwenye utumbo mpana, na vinatokea pale kinga ya mwili wako inapougeukia utumbo wenyewe. Maharage hayakukuletea ugonjwa huu, na uji hautauponya. Kinachoutuliza ni dawa, kwa hiyo usiiache hata ukijisikia mzima.

Chakula kinafuata hali ya utumbo. Ugonjwa ukiamka, yaani damu inatoka na choo hakikupi nafasi, weka kando vyenye makapi mengi: dona, mahindi ya kuchoma, maharage na maganda yake, karanga, kachumbari, mapera na mbegu zake. Kula wali mweupe, ugali laini wa udaga, viazi mviringo vilivyopondwa, ndizi mbivu, mayai, sato wa kuchemsha aliyetolewa miiba. Kidogo kidogo, mara tano au sita kwa siku. Maji yanayopotea yarudishe kwa ORS, si kwa soda.

Sasa dagaa, maana huko ndiko kuliko na utajiri, na wewe umekalia gunia zima. Chagua waliokauka vizuri, vunja vichwa, osha mpaka maji yatoke bila mchanga (wa kuanikwa chini unawajua kuliko mimi). Waanike tena, wakaange bila mafuta kwa moto mdogo hadi wavunjike kwa vidole, kisha twanga na uchekeche kwa chekeche la matundu madogo. Huo unga tia kijiko kwenye uji unapokaribia kuiva. Umepata protini, na umepata madini ya chokaa ambayo mwenye kumeza prednisolone anayahitaji sana, kwa sababu dawa hiyo hudhoofisha mifupa. Uji mtupu ndio unaokukondesha.

Ugonjwa ukitulia, rudisha vyakula kimoja kimoja, siku chache kila kimoja, ukianza na maharage machache yaliyoiva hadi kupondeka. Lile daftari unaloandikia wateja wanaokukopa, tenga ukurasa mmoja uandike ulichokula na tumbo lilivyojibu. Wapo wanaosumbuliwa na pilipili, wapo wasiosumbuliwa. Maziwa yakikujaza gesi, jaribu mgando; wengi huuvumilia zaidi. Sato wa kukaanga siku umetulia? Kula, ila asiogelee kwenye mafuta. Mimi orodha ndefu za makatazo sizipendi, zinawaacha watu na njaa.

Ninachokukataza kweli hakipo jikoni. Mnaobeba magunia mgongo huwauma, na diklofenaki inauzwa kila duka la dawa. Hiyo na ibuprofeni zinaweza kuuamsha ugonjwa wako. Omba paracetamol, na kila unaponunua dawa mwambie muuzaji una shida gani.

Halafu sisi wa ziwani tuna jambo letu. Damu kwenye choo inaweza pia kuwa kichocho cha tumbo au amiba, hata kwa mtu mwenye ugonjwa kama wako. Ukiona damu imerudi, peleka choo kikapimwe kabla hujalaumu chakula cha jana. Na ukienda chooni mara sita au zaidi kwa siku kwa damu, ukawa na homa au moyo unakwenda mbio, usisubiri kliniki yako. Nenda hospitali ya Sekou Toure au Bugando siku hiyo hiyo.

Kuhusu suruali: kliniki ijayo omba upimwe uzito na wingi wa damu. Kama unatumia sulfasalazini, uliza pia juu ya vidonge vya foliki, maana dawa hiyo huupunguzia mwili vitamini hiyo. Shemeji nenda naye, akasikie mwenyewe.