Donge Lako Halijalala

Msomaji mmoja wa Tanga ameniandikia: "Dada, nimefuata maelezo ya mkate wa tangawizi wa Kijerumani hatua kwa hatua, umetoka mgumu, hata watoto wameukataa. Wewe unafanyaje?" Ujumbe wake umenikuta na furaha, maana Desemba iliyopita Lebkuchen zangu, ndiyo mikate hiyo ya tangawizi, ziliisha zote hapa Nuremberg, Ujerumani, kabla jua halijazama. Bibi mmoja wa Kijerumani alinunua, akaondoka, akarudi na wajukuu zake.

Namtaja bibi huyo kwa sababu. Nilipofika huku niliomba kazi kwenye duka la mikate. Mwenye duka aliniambia kuosha sinia nitapata, lakini Lebkuchen ni urithi wao, mgeni hawezi kuuelewa. Nikaosha sinia. Neno lile halijanitoka mpaka leo. Mimi mzaliwa wa Wete, Pemba, niliyekua nikikimbia kuanua karafuu mvua isizikute kwenye majamvi, naambiwa sitaelewa mkate wa karafuu!

Basi nikaanza kusoma. Mafundi wa Lebkuchen wametajwa Nuremberg tangu 1395. Mji ulizungukwa na msitu mkubwa wa wafuga nyuki, asali ikapatikana tele, na ulikaa kwenye njia za wafanyabiashara waliotoka Venice na viungo vya mashariki. Mwaka 1487 Kaisari Friedrich wa Tatu aliwagawia watoto wa mji Lebkuchen zenye sura yake. Mwaka 1643 mafundi wakawa na chama chao rasmi. Lakini karafuu zenyewe zilitoka visiwa vya Maluku, kule Indonesia (zetu za Unguja na Pemba zilikuja kupandwa karne ya 19), mdalasini na iliki zikatoka pande za Bahari ya Hindi. Asali ni yao. Harufu ile ilisafiri kutoka kwetu sisi watu wa bahari hii na majirani zetu, na hakuna wa kukuambia haikuhusu.

Sasa donge lako. Mafundi wa zamani walichanganya asali na unga, wakalilaza donge mahali pa baridi kwa wiki kadhaa, wengine miezi, ndipo wakatia viungo na potashi ya kuumulia na kuchoma. Wewe nyumbani lilaze angalau usiku kucha, ukiweza siku mbili tatu. Asali ipashe moto mdogo tu mpaka itiririke, iache ipoe, ndipo utie unga. Usiongeze unga kwa sababu donge linanata. Linatakiwa linate. Ukilaza litashikana lenyewe.

Viungo usinunue vilivyosagwa. Chukua karafuu nzima, ibonyeze kichwa kwa ukucha: ikiacha mafuta, twanga, ikiwa kavu kama kijiti, mrudishie muuzaji. Ongeza mdalasini, iliki, kungumanga na giligilani. Tangawizi kidogo, isitawale.

Ukitaka zile za hali ya juu, Elisenlebkuchen, jua kwamba lozi na jamii yake zinatakiwa zifike angalau asilimia 25, na unga usizidi asilimia 10. Zinachomwa juu ya kaki nyeupe nyembamba za kuliwa ili zisigande kwenye sinia. Ukianza kuuza zitafutie jina lako, kwa kuwa la Nuremberg linalindwa na sheria za Ulaya tangu 1996, na ni la zinazookwa mjini humu tu. Jina lako linatosha, dada. Usikae kusubiri mtu akupe ruhusa ya kuwa fundi. Laza donge, choma, onja, rudia, na bei usiishushe kwa aibu.

Hizo ngumu usizitupe. Zifungie kwenye kopo la bati pamoja na kipande cha epo, au kwa kuwa uko Tanga, ganda bichi la chungwa la Muheza. Libadilishe kila baada ya siku mbili lisije likaota ukungu, na katikati ya wiki waite watoto wazionje tena.