Nikikosea noti moja, naanza tena mwanzo

SWALI: Yaya, salamu toka Katuba. Mi napiga sinte (kinanda cha umeme) mu kanisa yetu miaka 6 sasa, akordi (noti kadhaa pamoja) za kawaida na rumba kidogo naweza. Tangu mwezi wa 3 najifunza Autumn Leaves, wimbo wa jazz, mu videyo, zile zenye taa zinaanguka juu ya tuchi (vibonyezo vya kinanda), nimeshika yote kidole kwa kidole. Shida nikikosea noti moja tu, kwisha, narudi mwanzo. Juzi rafiki wa saksofoni akaniambia chukua solo, nikabaki naangalia mikono yangu kama si yangu. Nifanye nini?

JIBU: Mudogo wangu, pole, lakini nimecheka, ju na mi nilipita palepale. Vidole vyako vinajua njia, sikio haijui bado. Funga ile videyo leo, na usiguse sinte kwanza. Imba.

Huu wimbo ni wa Joseph Kosma, mtu wa Hungary aliyehamia Ufaransa, ni wa 1945, maneno ya kwanza yalikuwa ya Kifaransa, ya Jacques Prévert, Kiingereza cha Johnny Mercer kilikuja nyuma. Kwa hiyo pengine baba yako anaujua kama Les feuilles mortes, mwambie akuimbie jioni. Ukiwa mu Sol mineri melodi ni hivi: sol la si bemoli (bemoli ni nusu toni chini), halafu mi bemoli ndefu. Fa sol la, re ndefu. Mi bemoli fa sol, do ndefu. Re mi fa dieze (dieze ni nusu toni juu), si bemoli ndefu. Umeona? Zile ndefu zinashuka tu ngazi, na kila moja njo noti ya tatu ya akordi iliyo chini yake, ukihesabu toka noti yenye jina la akordi. Ukijua hiyo peke yake, hautapotea kirahisi tena.

Sasa mikono. Kushoto piga besi tu: Do, Fa, Si bemoli, Mi bemoli, La, Re, Sol. Kuume usipige akordi nzima kama mu kanisa (najua inawasha!), piga noti mbili tu, ya tatu na ya saba, huku unaimba melodi kwa mdomo. Kwa Do mineri 7 shika mi bemoli na si bemoli. Ukienda Fa 7, mi bemoli inabaki palepale, si bemoli inashuka nusu toni inakuwa la. Ukienda Si bemoli majeri 7, sasa la njo inabaki na mi bemoli inashuka re. Endelea hivyo, moja inakaa moja inashuka, mpaka Re 7 yenye fa dieze na do, pale ukiingia Sol mineri 7 zote mbili zinashuka, fa na si bemoli. Mi hapa nilikaa wiki nzima, na nilikuwa naamka usiku kuijaribu juu ya meza ju umeme haukuwepo.

Sinte yako ya tuchi 61 inatosha, usidanganywe ati lazima 88. Ila zile noti mbili zikae karibu na Do ya katikati, chini sana zinavuma tu. Na siku kuko mtu wa besi, mwachie besi yake.

Mapigo: weka metronomu (kile chombo cha kupiga tiki) 50 kwa dakika, lakini kila tiki uihesabu kama pigo la 2 na la 4. Itakuchosha siku mbili tatu, kisha utasikia wimbo unaanza kutembea.

Solo yenyewe usiiogope. Piga melodi ileile, chelewesha noti hapa, rudia nyingine pale, ila hakikisha unatua kwenye zile ndefu. Gamu (ngazi ya noti) ya Si bemoli majeri inakubeba karibu njia yote, kwenye Re 7 tu ndio uweke fa dieze. Sikiliza Hank Jones kwenye piano nyuma ya tarumbeta ya Miles Davis na saksofoni ya Cannonball Adderley, ile rekodi ya wimbo huu ya 1958, uone vile anapiga kidogo.

Na ukikosea USISIMAME. Wimbo una mezire (vipande vya mapigo manne manne) 32, nane nane mara nne. Acha mikono, endelea kuhesabu, nane ingine ikianza ingia nayo. Mwambie huyo rafiki apige melodi wiki mbili hivi, wewe piga hizo noti mbili mbili tu, halafu uniandikie.