Taka za chini ya ziwa: kabla hujaitisha siku ya usafi Dunga

Chupa ya soda iliyofungwa kizibo huelea. Kizibo kikitoka na maji yakiingia, inazama, kwa sababu plastiki ya chupa ni nzito kuliko maji ilhali ya kizibo ni nyepesi. Ndiyo maana ukitembea ukingoni mwa Ziwa Victoria hapa Dunga, Kisumu, unaokota vizibo kibao na chupa chache. Chupa ziko chini, pamoja na nepi zilizonyonya maji, vipande vya nyavu na viatu vya kila aina, ila hujawahi kupata pea kamili.

Kwa muda sasa nimekuwa kwenye shughuli za usafi wa ufuo, na vikundi hunipigia simu kuuliza waanzie wapi. Jibu langu ni moja: anzeni kwa wavuvi. Nendeni kwa viongozi wa BMU, yaani kikundi kinachosimamia ufuo na uvuvi wake, kabla hamjachapisha fulana, tena pesa za fulana afadhali ziende kwenye mkokoteni wa kubebea taka.

Ghuba ya Winam, tuliko sisi, si kama ziwa la wazi. Huko katikati Ziwa Victoria lina kina cha kufika mita 80 hivi. Huku kwetu karibu na mji ni mita chache tu, na chini ni tope laini. Kitu kikizama kinafunikwa, na kwa kuwa jua halikifikii, hakichakai upesi. Mifuko ya nailoni ilipigwa marufuku tarehe 28 Agosti 2017, lakini nanga bado huipandisha, myeusi, inateleza kama kambare. Ukiisuuza, mingine bado ina maandishi ya duka.

Kupiga mbizi kuitafuta, sahau. Maji yamechafuka hata mkono wako huuoni, viboko wapo, na konokono wanaobeba kichocho hupenda maji ya kina kifupi yenye majani. Vijana wakija wamekunja suruali, miguu mitupu, warudishe wakavae gambuti. Pale boti zinapoegeshwa, reki yenye mpini mrefu inatosha. Kwingine kote tegemea nyavu za wavuvi wenyewe. Anayetega ngege (tilapia) huvuta taka pamoja na samaki, kisha taka anazirudisha majini palepale. Usimlaumu. Anawahi soko, na akifika ufuoni hana pa kuziweka. Mpe gunia, mwombe alilete.

Hapo kwenye gunia ndipo vikundi vingi huangukia. Gunia likilala ufuoni, usiku mbwa watalipasua, asubuhi korongo watamaliza kazi, na mvuvi aliyejisumbua kulileta hatakusikiliza tena. Kwa hiyo kwanza mjue nani analiondoa, saa ngapi, na analipwa na nani. Kama hamna jibu, msigawe magunia.

Kuna na suala la mnunuzi. Watu wa plastiki hununua kwa kilo, na hakuna anayetaka kulipia tope. Chupa iliyotoka chini ya ziwa lazima isuuzwe na kukaushwa, la sivyo itakataliwa au bei itashuka vibaya. Suuzeni kwenye karai, na lile tope mlimwage nchi kavu. Nyavu zilizotupwa ziwekeni kando, hasa zile za uzi mmoja unaong'aa, ambazo kisheria hata hazifai kuwa majini. Msizichome, moshi wake ni mbaya. Msiziache ufuoni pia, maana zikiwa bado nzima kuna mtu atazirudisha kazini. Vaeni glavu nzito za kazi. Nimeona ndoano ya mbuta ikipenya glavu ya hospitali na kuingia kidoleni kana kwamba hapakuwa na kitu.

Halafu kuna mitaro, na hapa nitasema jambo ambalo wafadhili hawalipendi. Siku ya Mazingira Duniani ni Juni 5. Mvua ndefu huanza Machi. Kufikia siku ya hotuba na picha, mto Kisat na ule wa Auji imeshasomba taka za mitaani hadi ziwani, na za kuzama zimeshazama. Kama mna nguvu za siku moja tu kwa mwaka, zitumieni Februari, ndani ya mitaro, mbali na ufuo. Picha hazitapendeza.

Wengine huweka wavu wa waya mdomoni mwa kalvati ili unase taka. Unafanya kazi, lakini kwanza patana na majirani nani ataufungua mvua ikishuka saa nane za usiku. Ukiziba, maji yataingia vyumbani mwa watu wa Nyalenda, na asubuhi utakuta wavu wako umekatwa, na waliokata wana haki kabisa.